Nani Aandikwe Kwenye Safu ya Mtekelezaji

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa katibu wa vikao. Wenzangu huingia ukumbini kuzungumza. Mimi huingia kusikiliza na kuandika. Nimekaa meza moja na wakurugenzi, wakuu wa idara, wahasibu, wahandisi na washauri elekezi wanaolipwa kwa siku, na katika vikao vyote hivyo wapo watu wawili wasioweza kusinzia. Mwenyekiti hawezi kwa sababu anaonekana. Katibu hawezi kwa sababu kila kinachosemwa kinamsubiri yeye akipatie mahali kwenye karatasi.

Muhtasari una umbo lake linalojulikana: waliohudhuria, waliotoa udhuru, kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, ajenda zenyewe, mengineyo, kufunga. Mwishoni hukaa jedwali la maazimio lenye safu nne, yaani namba, azimio, mtekelezaji na muda wa utekelezaji. Jedwali hilo limenifundisha mengi kuhusu lugha ya maofisini kuliko semina yoyote ya mawasiliano niliyopelekwa, na nimepelekwa nyingi. Safu ya azimio haibagui, hupokea chochote utakachoimwagia. Safu ya mtekelezaji hutaka jina la mtu.

Chukua sentensi hii, ambayo nimeiandika kwa sura mbalimbali mara zisizo na idadi: "Kikao kiliazimia kuimarisha mikakati ya ushirikishwaji wa wadau ili kuleta matokeo chanya na endelevu." Watu huitikia kwa vichwa. Mwenyekiti husema, "Hapo tumeelewana, tuendelee." Mimi hubaki na kalamu hewani. Nani anaimarisha? Wadau ni akina nani: wateja, wafanyakazi, wanaotuuzia mali, au wote kwa pamoja? Matokeo yapi, na yakifika tutayatambuaje? Hakuna neno hata moja baya katika sentensi ile. Mkakati ni kitu cha kweli, wadau ni watu wa kweli. Lakini yakishapangwa kwa foleni namna hiyo, kila neno hulikinga lenzake lisiulizwe swali.

Basi safu ya mtekelezaji hujazwa kwa ujanja. Kuna wanaosema, "Andika Menejimenti." Kuna "Wahusika," kana kwamba katibu ana orodha yao kichwani. Kuna "Wote," na azimio la wote nimeliona likirudi mwezi baada ya mwezi bila kuguswa na yeyote. Safu ya muda nayo ina dawa yake. Badala ya tarehe huandikwa "Ni endelevu." Mtu aliyebuni matumizi hayo alikuwa na kipaji, maana kwa neno hilo moja kazi haiwezi kuchelewa kamwe. Haina siku ya kuisha.

Halafu huja yatokanayo. Hii ndiyo sehemu ya kikao ambayo lugha ya aina hii hujiumbua, kama una subira ya kuweka mihtasari ya miezi kadhaa sambamba na kuisoma kwa mkupuo. Azimio lile lile huwa "utekelezaji umeanza", kisha "lipo kwenye mchakato", kisha "mchakato upo katika hatua nzuri", kisha siku moja linatoweka bila kuzikwa, na mahali pake linazaliwa jingine lenye maneno mapya kidogo. Nilikuwa na faili moja ambamo kazi ya kurekebisha fomu ya malalamiko ya wateja, kazi ya mtu mmoja kwa alasiri moja, iliitwa mapitio ya nyenzo, kisha uboreshaji wa mifumo ya mrejesho, kisha mageuzi ya huduma jumuishi. Fomu yenyewe ilibaki ile ile, na kisanduku cha namba ya simu kilibaki kifupi kiasi kwamba tarakimu za mwisho zilikuwa zinaandikwa pembeni.

Ukiwauliza watu kwa nini wenzao wanaongea hivi, wengi watakwambia ni majivuno. Mtu anataka kuonekana amesoma. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini nilichokiona zaidi, kutoka kiti cha katibu ambako unaona mikono ya watu chini ya meza, ni woga.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa amepandishwa cheo karibuni kusimamia malipo. Kabla ya kikao tulisimama naye kwenye korido, akanieleza tatizo lake kwa sentensi mbili. "Kaka, malipo yanakwama kila mwisho wa mwezi kwa sababu nywila ya kuidhinisha anayo mtu mmoja tu. Akisafiri, kila kitu kinasubiri arudi." Ningeweza kuiandika hivyo hivyo na mtoto wa shule angeelewa. Tukaingia ndani. Zamu yake ilipofika, alisimama, akakohoa, akasema kuwa idara yake inakabiliwa na changamoto mtambuka katika mnyororo wa uidhinishaji, hivyo ipo haja ya kuhuisha mfumo ili kuongeza tija na ufanisi.

Nilimtazama kwa mshangao, kisha nikatazama upande wa pili wa meza nikaelewa. Mtu mwenye nywila alikuwa amekaa pale, na alikuwa bosi wake.

Wazee walisema mficha uchi hazai, lakini wazee wale hawakuwahi kutoa taarifa ya robo mwaka mbele ya mtu anayesaini barua yao ya ajira. Kijana yule hakukosa maneno ya kawaida. Alikuwa nayo dakika chache zilizopita. Alichokosa ni mahali salama pa kuyasemea. Maneno makubwa yalimruhusu kulitaja tatizo bila kumtaja mwenye tatizo, na kila aliyekuwa mle ndani alipata alichotaka: yeye ametoa taarifa, bosi hajaguswa, kikao kimepokea. Malipo yaliendelea kukwama.

Baadaye nilikuta utafiti uliotoka mwaka 2020 wa Zachariah Brown, Eric Anicich na Adam Galinsky, ambao ulinipa moyo kwamba sikuwa naona mambo yasiyokuwepo. Walipitia vichwa vya tasnifu zaidi ya 64,000 na kukuta kwamba waandishi kutoka vyuo vya hadhi ya chini ndio waliojaza istilahi nzito zaidi kuliko wale wa vyuo vyenye majina. Katika majaribio mengine, watu waliofanywa wajione wako chini ya wenzao ndio walioelekea kuchagua maneno ya kitaalamu hata pale ambapo maneno rahisi yalikuwepo. Aliye juu hana haja ya kuthibitisha chochote. Nilikumbuka mkurugenzi mmoja mstaafu ambaye taarifa zake zilikuwa za aina hii: "Fedha haitoshi mwaka huu. Tukate nini?" Muhtasari wake niliuandika nikiwa natembea.

Wakati huo huo, anayeongea hivyo ili aonekane ana akili mara nyingi hapati hata hicho anachokitafuta. Mwanasaikolojia Daniel Oppenheimer alichapisha mwaka 2006 majaribio yaliyoonyesha kuwa wasomaji walimpa alama ndogo ya akili mwandishi aliyetumia maneno magumu pasipo sababu. Nimelishuhudia hilo mara nyingi kwenye nyuso za wajumbe wa bodi. Wanaitikia kwa heshima huku macho yamekwenda kwenye saa.

Lakini nisiwasingizie wadogo peke yao. Wakubwa nao huyakimbilia maneno haya siku wanapokuwa na habari mbaya mkononi, na hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Kuficha nywila ya bosi ni jambo moja. Kumficha mtu kwamba amepoteza kazi ni jambo jingine kabisa.

Ofisi moja niliyofanyia kazi ilitoa waraka uliosema kuwa taasisi inahuisha muundo wake ili kuendana na mazingira yanayobadilika, na kwamba katika kipindi cha mpito baadhi ya nafasi zitaoanishwa na vipaumbele vipya. Ulikuwa na kurasa mbili. Ulibandikwa ubaoni siku ya Ijumaa mchana, na watu walisimama mbele yake wakiusoma, wakirudia, wakisogea kumpisha mwingine. Mama mmoja mhudumu, mtu mzima aliyekuwa akituita sote wanawe, alinishika mkono akanivuta pembeni. "Mwanangu, wewe ndiye unayeandika mambo yao. Hii maana yake Jumatatu nije au nisije?"

Sijawahi kusikia uhariri mzuri kuliko ule. Kurasa mbili zile zilikuwa na jukumu moja tu, kujibu swali la yule mama, na hazikulijibu popote. Nilimwambia, "Mama, njoo, na tukutane kwanza utumishi kabla hujashika ufagio." Jumatatu huko utumishi tuliambiwa kwamba nafasi yake ilikuwa miongoni mwa zilizooanishwa.

Ofisi ile ilikuwa na wenzake wakubwa sana. Tarehe 17 Julai 2014, Stephen Elop, aliyekuwa akiongoza kitengo cha vifaa cha Microsoft baada ya kampuni hiyo kununua biashara ya simu ya Nokia, aliwaandikia wafanyakazi barua pepe iliyoanza kwa salamu ya kirafiki, kama ya mtu anayepita kujulia hali. Ikafuata aya baada ya aya ya mikakati, mwelekeo wa bidhaa na uwiano wa malengo. Ndani sana, baada ya msomaji kuchoka, ndipo palipokuwa na habari yenyewe: takriban watu 12,500 watapoteza kazi. Mwaka 2012 benki ya Citigroup nayo ilitangaza kuondoa nafasi zaidi ya 11,000, na tangazo lilifunguliwa kwa maelezo kuwa benki inachukua hatua za kujipanga upya. Nimesoma nyaraka za namna hiyo kama mtu wa fani anavyosoma kazi za wenzake, na ninachokitafuta ndani yake ni kile kile: jina la aliyeamua. Nafasi hupungua zenyewe. Muundo hujihuisha wenyewe. Hakuna mtu aliyeshika kalamu.

Mfano unaonikaa kichwani zaidi hautoki kwenye biashara. Chombo cha anga cha Columbia kilirushwa tarehe 16 Januari 2003, na sekunde zipatazo 82 baada ya kuruka, kipande cha povu la kuhami joto kilibanduka kwenye tangi la nje kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliandaa slaidi za kuwaeleza viongozi wa NASA ukubwa wa hatari. Slaidi moja ilichambuliwa baadaye na Edward Tufte, mtaalamu wa uwasilishaji wa takwimu, na uchambuzi wake ukaingizwa kwenye ripoti ya bodi ya uchunguzi iliyotoka Agosti 2003. Kichwa cha slaidi kilikuwa cha kutuliza moyo. Neno moja la kueleza kuwa jambo ni kubwa lilitumika mara tano katika ukurasa ule ule bila kusema kubwa kiasi gani. Na chini kabisa, katika mstari wa mwisho, ndipo ilipokaa taarifa iliyostahili kuwa kichwa: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati majaribio waliyokuwa wakiyategemea yalitumia kipande cha inchi za ujazo 3. Zaidi ya mara 600.

Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea, na wanaanga wote 7 wakafa. Siwezi kusema slaidi iliwaua. Bawa lilikuwa limekwisha kutoboka siku nyingi. Ninachosema ni kwamba mle chumbani kulikuwa na watu wanaoijua ile namba, na namba ilifika mezani ikiwa imefunikwa. Kila ninapopokea wasilisho la kuambatanisha kwenye muhtasari, huanza kusoma mstari wa chini kwenda juu. Ni tabia ambayo imenisaidia kuliko ninavyoweza kueleza. Mara nyingi huko chini ndiko mtu alikoiweka ile sentensi aliyokuwa anaiogopa.

Sasa, kuna watu ambao wakishalichukia neno moja hutaka kufuta yote. Nimekutana na mkuu mmoja aliyeamuru wataalamu wake waache istilahi zote na waongee "kama watu". Mhasibu akashindwa kusema uchakavu wa mali, akawa anazunguka na maelezo marefu ambayo kila mtu aliyaelewa vibaya kwa namna yake. Huo ni ujinga wa upande wa pili. Istilahi ya fani ni mali. Ukimuuliza mhasibu uchakavu ni nini, atakuonyesha gari lililopo uwanjani, bei liliyonunuliwa na hesabu ya kila mwaka. Ana kitu cha kukinyooshea kidole. Ukimuuliza mtu maana ya mtazamo wa kimkakati na jumuishi, atakupa maneno mengine matatu ya ukoo ule ule, na ukiyauliza hayo utarudishwa kwenye yale ya kwanza.

Kuna nyakati neno sahihi la fani ndilo linalookoa. Ndege ya Avianca, safari namba 52, ilianguka karibu na New York tarehe 25 Januari 1990 kwa kuishiwa mafuta baada ya kuzungushwa angani muda mrefu ikisubiri kutua. Watu 73 walikufa. Marubani walikuwa wamewaambia waongozaji kwamba mafuta yanakwisha na walikuwa wameomba kipaumbele. Hawakutangaza dharura. Katika mawasiliano ya anga, dharura ni tamko linalobadilisha kila kitu kwa wakati mmoja: wengine wanasogezwa, njia inafunguliwa. Kipaumbele hakikuwa na nguvu hiyo. Nilipolisoma hilo nilicheka kicheko kichungu, maana kipaumbele ndilo neno linalopendwa kuliko yote katika mipango yetu. Nimeandika mipango ya mwaka yenye vipaumbele ishirini na kitu.

Nirudi kwenye kalamu yangu. Katibu hana madaraka. Hapigi kura, na katika ofisi nyingi haruhusiwi hata kuchangia. Lakini ana haki moja ambayo hakuna anayeweza kumnyima, nayo ni kuuliza kwa ajili ya kumbukumbu. Nilianza kuitumia kwa woga. "Samahani Mwenyekiti, kwa ajili ya kumbukumbu tu, hapo kwenye mtekelezaji nimwandike nani?"

Mara ya kwanza kilipita kimya ambacho kilinifanya nitamani kuzama chini ya kiti. Mwenyekiti akatazama kulia, akatazama kushoto. Mtu akasema Menejimenti. Nikasema, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza, kwamba Menejimenti ni watu wanane. Wengine wakacheka. Hatimaye mkuu wa idara mmoja akajitaja, na nilipomuuliza tarehe akataja tarehe. Baada ya kikao mwingine alinifuata mlangoni. "Ndugu Katibu, wewe kazi yako kuandika. Usituendeshee kikao." Nikamwitikia, "Sawa mkuu," na kikao kilichofuata nikauliza tena, kwa maneno yale yale ya kumbukumbu. Swali la kumbukumbu ni gumu kulikasirikia hadharani.

Nilichotarajia ni kwamba majina yangeanza kujaa kwenye safu. Yalijaa kiasi. Kilichonishangaza ni maazimio mangapi yalifutwa. Swali la nani lilipoulizwa, ikawa inadhihirika kuwa hakuna aliyetaka jambo lile lifanyike. Lilikuwa limeletwa ili lisemwe. Mwenyekiti mmoja mwenye busara akaanza kusema mwenyewe, "Hili halina mwenyewe, tuliache," na orodha iliyokuwa ikijaza kurasa tatu ikarudi kuwa nusu ukurasa. Vikao vyenyewe vilirefuka, hilo niliseme wazi. Kumtaja mtu na tarehe kunachukua muda kuliko kuazimia kwa jumla, na kuna ubishi ambao zamani ulikuwa unafunikwa na maneno matamu sasa ukawa unafanyika pale pale mezani. Wapo waliosema nimeharibu utulivu wa vikao. Walikuwa sahihi.

Njia ambayo sikuipenda ni ya kejeli. Kulikuwa na kundi la vijana waliotengeneza vikaratasi vyenye visanduku vya maneno, mchakato hapa, mtambuka pale, na kila neno likitamkwa wanaweka alama. Wa kwanza kujaza mstari anakohoa. Ni mchezo wa zamani, unajulikana katika ofisi za nchi nyingi, na sitajifanya kwamba sikutabasamu. Lakini niliangalia ulimfanyia nini yule kijana wa malipo. Aliposikia kikohozi cha kwanza akili yake ilielewa kilichoendelea. Hakuanza kuongea wazi. Aliacha kuongea. Ukimwondolea mtu pazia bila kumwondolea anachokiogopa, anahama chumba.

Kilichomsaidia, kwa kadiri ninavyojua, ni jambo dogo la utaratibu. Tulianza kuzipokea hoja kwa maandishi siku mbili kabla ya kikao, sentensi kamili, kurasa zisizozidi mbili, na wajumbe wanazisoma kimya ukumbini kabla ya mtu kufungua mdomo. Wazo halikuwa letu. Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya Amazon, alipiga marufuku mawasilisho ya PowerPoint katika vikao vyake vya uongozi mwaka 2004 na kuweka maandiko ya kurasa hadi sita mahali pake, yakisomwa kimya mwanzoni mwa kikao. Sentensi kamili ina kiima, na kiima kinauliza nani. Mstari wa slaidi unaweza kusema "uboreshaji wa uidhinishaji" ukanyamaza hapo. Sentensi ikisema hivyo inabaki mguu mmoja hewani, na hata mwandishi wake anaona. Kijana aliandika kwamba malipo ya mwisho wa mwezi huchelewa pale mwidhinishaji anapokuwa safarini, na akapendekeza mwidhinishaji wa pili. Hakumtaja bosi. Hakuhitaji. Bosi aliisoma kimya pamoja na wengine, kisha akasema, "Hili ni langu, niandike mimi." Nikamwandika.

Nisiurembe utaratibu huo zaidi ya unavyostahili. Mtu mmoja alituletea kurasa mbili zilizojaa ambazo ukizikamua hazitoi hata tone, kila sentensi ikiwa na kiima chake safi: Taasisi inatambua, Taasisi itahakikisha, Taasisi imedhamiria. Anayetaka kujificha atajificha hata kwenye sarufi nzuri. Wa aina hiyo nimekuwa nikiwapa ushauri alioutoa mwekezaji Warren Buffett mwaka 1998 katika dibaji ya mwongozo wa uandishi rahisi wa tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji. Alieleza kuwa akiandika taarifa ya mwaka huwafikiria dada zake, Doris na Bertie, watu wenye akili lakini wasio wataalamu wa uhasibu wala fedha. Mimi huwaambia wenzangu wamwandikie yule mama mhudumu. Hawamjui, kwa hiyo nalazimika kuwasimulia habari ya ubao, na kwa kawaida hiyo inatosha kwa wiki kadhaa.

Serikali nazo zimejaribu. Marekani ilipitisha sheria ya uandishi wa wazi mwaka 2010, New Zealand ikafuata na yake mwaka 2022, zote zikizitaka ofisi za umma ziwaandikie wananchi kwa lugha wanayoielewa. Ni jambo jema, lakini sheria za namna hiyo huishia pale karatasi inapotoka mlangoni. Haziingii kwenye kikao cha ndani, na huko ndiko maneno yanakopikwa.

Pia kuna mahali ambapo nimesalimu amri. Taarifa tunazowapelekea wanaotufadhili zina fomu zao, na fomu hizo zina visanduku vya afua, viashiria, uendelevu na masuala mtambuka, na mfumo hautumi taarifa mpaka kila kisanduku kijazwe. Huwezi kuandika "tulichimba kisima, maji yanatoka" ukaishia hapo. Siku hizi tunaandika kwanza karatasi yetu ya ndani, ya lugha ya kawaida, tunakubaliana kwamba ndiyo hali halisi, kisha mmoja wetu anakaa kuihamishia kwenye fomu. Kazi hiyo tunaifanya kwa zamu, kwa sababu mwenzetu aliyeachiwa peke yake kwa muda mrefu alifikia hatua ya kuandika kwenye barua ya kuomba likizo kwamba anakusudia kuhuisha afya yake kwa njia endelevu.